Uliza Daktari wa Meno: Chama cha kwanza kilianzaje, na nani alifumbua fumbo la meno ya kahawia?

SWALI: Shikamoo mama daktari. Mimi ni tabibu wa meno katika hospitali ya wilaya huku Njombe. Wilaya yetu na za jirani tuko wachache, kila mmoja na kiti chake na foleni yake, na hatuonani isipokuwa kwenye semina au msibani. Sasa tumeanza kuzungumza juu ya kuunda chama chetu cha mkoa. Baadhi ya wakubwa wetu wanatukatisha tamaa, wanasema vyama ni michango na chai tu. Naomba utueleze waliotutangulia katika kazi hii walianzaje, na kwa nini vyama vyao vingine vilidumu na vingine vilikufa. Tabibu, Njombe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Karibu ukurasa wote wa mwezi huu ningekupa wewe, kwa kuwa umegusa jambo ninalolijali sana. Mtu anayefanya kazi peke yake kwenye chumba cha meno kwa miaka mingi huanza kuamini kwamba anachokiona yeye ndicho kilichopo. Nimewaona wenzangu wazuri wakidumaa namna hiyo, na si kwa uvivu. Hawakuwa na wa kumuuliza.

Nikupeleke kwanza Paris, miaka ya 1720. Juu ya daraja la Pont-Neuf alikuwako mng'oa meno mashuhuri aliyeitwa Thomas, jitu la miraba minne, amevaa kofia kubwa yenye manyoya, akifanya kazi hadharani huku umati ukishangilia. Kung'oa meno kulikuwa tamasha la sokoni. Waliojua zaidi ya kung'oa, waliojua kuziba jino au kutengeneza la bandia, walificha ujuzi wao kama mganga anavyoficha mizizi yake, kwa sababu ndio uliokuwa mkate wao.

Mji huo huo alikuwako Pierre Fauchard, aliyezaliwa 1678. Mwaka 1728 alichapisha kitabu cha majuzuu mawili na kuweka ndani yake yote aliyoyajua: vifaa vyake kwa michoro, jinsi ya kusafisha uozo na kuziba, jinsi ya kunyoosha meno yaliyopinda, hata visa vya wagonjwa wake. Alimtoa mgonjwa sakafuni, alikozoea kukalishwa huku kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mng'oaji, akamweka kwenye kiti chenye mikono. Alionya juu ya sukari. Na alikataa habari ya mdudu wa jino, imani iliyokuwa imeenea tangu Babeli. Wewe na mimi tunajua mdudu huyo bado yu hai huku kwetu. Wagonjwa wanatuambia kila wiki jino limeliwa na mdudu. Fauchard alitafuta mdudu huyo asimwone, akaandika hivyo zaidi ya miaka 280 kabla hujashika koleo.

Fauchard hakuunda chama. Alichofanya ni kuvunja siri, na bila hilo chama hakiwezekani, maana watu wanaofichana kazi hawana cha kuzungumza kikaoni.

Chama cha kwanza cha mahali, cha madaktari wa meno wa mji mmoja na jimbo lake, kilianzishwa New York mwaka 1834, na rais wake alikuwa Eleazar Parmly. Familia hiyo ilikuwa na meno damuni: nduguye Levi ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuwahimiza watu kupitisha uzi wa hariri katikati ya meno. Rafiki yake Parmly, Solyman Brown, alitunga shairi refu zima juu ya meno na utunzaji wake, likatoka 1833. Wangekuwa watu wa pwani yetu tungeuita utenzi.

Kilichowasukuma kukutana kilikuwa hasira. Mwaka 1833 walishuka New York ndugu wawili wa ukoo wa Crawcour kutoka Ulaya, wakitangaza dawa mpya ya kuziba meno waliyoipa jina la kifalme. Ilikuwa unga wa sarafu za fedha uliochanganywa na zebaki. Waliusukuma ndani ya tundu kwa kidole, upesi, bila kuondoa uozo, bila maumivu. Watu walimiminika. Madaktari waliozoea kuziba kwa dhahabu, kazi ya saa kadhaa na ya bei kubwa, walibaki na viti vitupu. Baada ya muda meno yaliyozibwa juu juu yakaanza kuuma na kupasuka, na ndugu wale wakaondoka. Chama cha New York kiliundwa ili wagonjwa waweze kumtenga mjuzi na mlaghai. Hakikudumu miaka mingi, lakini mbegu ilikuwa imeshaanguka.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1839 lilianza jarida la kwanza la meno. Mwaka 1840 Horace Hayden na Chapin Harris walifungua chuo cha kwanza cha meno duniani, mjini Baltimore. Wanafunzi walioingia walikuwa watano, na waliohitimu 1841 walikuwa wawili. Kumbuka hesabu hiyo mtakapokaa kikao cha kwanza na viti vingi vikiwa wazi. Mwaka huo huo wa 1840 likaundwa, huko New York, shirika la kwanza la kitaifa la madaktari wa meno wa Marekani, Hayden akiwa rais.

Na hapa ndipo naomba usome polepole, kwa sababu shirika hilo lilikufa mwaka 1856, na lilijiua lenyewe. Kwa sababu ya jeraha la wale Crawcour, wakubwa wa shirika waliichukia amalgamu, yaani mchanganyiko ule wa fedha na zebaki, kiasi cha kuwataka wanachama watie sahihi tamko kwamba ni kitu chenye madhara na kwamba hawataitumia kamwe. Mwenye kukataa, nje. Mwaka 1845 chama cha wasomi kikageuka baraza la viapo. Wanachama wakafukuzwa, wengine wakajiondoa, waliobaki wakashutumiana. Kiapo kilifutwa 1850 lakini watu walikuwa wameshachokana.

Hasira yao dhidi ya walaghai ilikuwa ya haki. Ila badala ya kukaa na kupima, nani kaziba vizuri na nani vibaya, mchanganyiko upi unapasua jino na upi haupasui, wao walitunga kanuni ya imani. Kazi ya kupima ilikuja kufanywa baadaye na Greene Vardiman Black, mtu wa mji mdogo wa Winchester, Illinois, aliyesoma shule kwa muda mfupi mno utotoni na akajifundisha mengine yote. Mnamo 1895 alitoa vipimo vya amalgamu isiyovimba wala kusinyaa kupita kiasi. Fedha na zebaki vilikuwa vile vile. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alikuwa amepima. Siku hizi amalgamu inapunguzwa kwa sababu ya zebaki inayoingia kwenye mazingira, na Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa juu ya zebaki, unadai hivyo, lakini hiyo ni hoja nyingine, nayo imefikiwa kwa vipimo.

Mfano wa chama kilichofanya jema nakupa wa Iowa. Lucy Hobbs, mwalimu wa shule, alitaka kusomea udaktari. Chuo cha tiba cha Cincinnati kikamkataa kwa kuwa ni mwanamke. Akageukia meno, na chuo cha meno cha Ohio nacho kikamkataa kwa sababu ile ile. Akajifunza kwa kukaa karibu na daktari mmoja, Samuel Wardle, na 1861 akafungua kliniki yake bila shahada, kama walivyokuwa wengi wakati ule. Kisha akahamia Iowa na kufanya kazi huko kwa miaka kadhaa. Wenzake wa jimbo hilo waliiona kazi yake. Mwaka 1865 chama cha madaktari wa meno cha Iowa kilimpokea kuwa mwanachama, na kikasimama naye hadi chuo kilekile cha Ohio kikafungua mlango. Wakamhesabia miaka aliyofanya kazi, akaingia moja kwa moja mwaka wa mwisho, na Februari 1866 akawa mwanamke wa kwanza duniani kupata shahada ya udaktari wa meno. Baadaye aliolewa, akamfundisha na mumewe kazi hiyo hiyo, wakafanya kazi pamoja huko Lawrence, Kansas.

Mimi nilipoanza kazi, wagonjwa walikuwa wakiingia, wakiniona, kisha wakitazama nyuma yangu kumtafuta daktari. Kwa hiyo habari ya chama cha Iowa hainipiti hivi hivi. Watu wa mkoani, wasio na chuo kikubwa wala fedha, waliweza kumwambia mkubwa wao: huyu tunamjua, kazi yake tumeiona, mpokeeni.

Hata shirika kubwa la Marekani lililopo hadi leo halikuanzia juu. Mwaka 1859, huko Niagara Falls, walikutana watu 26 waliotumwa na vyama vya mahali mbalimbali, wakaliunda. Vyama vidogo ndivyo vilivyolizaa.

Sasa ninyi wa Njombe. Msianze na katiba ya kurasa nyingi wala kugombea nani awe mwenyekiti. Anzeni kwa kukutana, na kila anayekuja aje na kisa kimoja kilichomshinda: jino lililovunjikia ndani, uvimbe ambao hakuuelewa, mtoto aliyerudi na maambukizi baada ya kung'olewa meno machanga yaliyosingiziwa kuwa ya nailoni, yaani meno mabaya yanayodaiwa kumletea ugonjwa. Kimwekeni mezani bila aibu. Wekeni daftari moja la visa hivyo. Halafu chagueni kitu kimoja cha kuhesabu katika mkoa wenu wote, kila mtu kwenye kituo chake, kwa namna moja. Faida ya kuhesabu pamoja utaiona kwenye jibu la mwisho hapa chini.

SWALI: Daktari, naogopa sindano ya ganzi kuliko jino lenyewe. Zamani watu waling'olewaje, na nani aliyeanzisha ganzi? Mama Zawadi, Tanga.

JIBU: Pole dada. Zamani waling'olewa macho makavu, wakishikiliwa. Mwanzo wa kuondoa maumivu ulitoka kwetu watu wa meno, nami naona fahari kulisema. Tarehe 10 Desemba 1844, mjini Hartford, jimbo la Connecticut, daktari wa meno Horace Wells alikwenda kutazama onyesho la gesi ya kuchekesha. Kijana mmoja aliyevuta gesi alijigonga mguu hadi ukatoka damu, na alipoulizwa akasema hakusikia kitu. Wells hakulala na wazo hilo muda mrefu. Kesho yake alivuta gesi mwenyewe, na mwenzake John Riggs akamng'oa gego. Januari 1845 alikwenda Boston kuonyesha mbele ya madaktari, lakini mgonjwa akapiga kelele, wakamzomea. Mwaka uliofuata, Oktoba 1846, William Morton, naye daktari wa meno aliyewahi kufanya kazi na Wells, alifanikiwa hospitalini Boston kwa kutumia etha, dawa ya kuvuta inayomlaza mgonjwa, na sifa zikaenda kwake. Wells alifariki 1848 akiwa amevunjika moyo. Shirika la madaktari wa meno la Marekani lilikuja kumtambua rasmi mwaka 1864.

Sindano tunayokuchoma leo ina lignokeini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943. Mwambie daktari wako akupake ganzi ya juu kwanza, asubiri kidogo, kisha asukume dawa polepole. Maumivu mengi ya sindano hutokana na haraka ya mchomaji. Una haki ya kumwomba asiharakishe.

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 19, nimezaliwa na kukulia Usa River. Meno yangu yana mistari ya kahawia na hayang'ai hata nipige mswaki vipi. Nimejaribu mkaa, limau na mchanga laini. Nikihamia Dar es Salaam kwa masomo watu wananiuliza kama navuta sigara. Ni uchafu au ni ugonjwa? Na nani aligundua sababu yake? Binti wa Meru.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza acha mkaa, mchanga na limau leo hii. Vinakwangua na kuyeyusha enameli, lile gamba gumu la nje, na rangi yako haiko juu ya gamba hilo bali ndani yake. Si uchafu, na hukufanya kosa lolote.

Sababu ni floraidi, madini yaliyomo kwa wingi katika maji yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Sisi wa chini ya Mlima Meru tumekaa juu ya miamba hiyo hasa. Mtoto anapoyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi, tangu utotoni hadi karibu miaka 8, enameli hutoka na madoa meupe kama chokaa au mistari ya kahawia. Meno yakishakamilika, maji hayo hayayachori tena.

Nimelishuhudia hilo mara nyingi tukipima shuleni. Tunakaa chini ya mti, watoto wanakuja mmoja mmoja, wanafungua kinywa, tunainua mdomo wa juu kwa kijiti na kumulika meno ya mbele. Daftari lina safu za umri, alikozaliwa, na maji ya chanzo gani alikunywa akiwa mdogo. Dawati moja linatoa watoto wawili: wa kwanza, mzaliwa wa Ngarenanyuki, meno yana kahawia hadi kwenye magego, wa pili meupe kabisa, na ukimuuliza anakwambia walihamia akiwa darasa la nne. Safu ile ya alikozaliwa ndiyo inayosema kila kitu.

Aliyeanza kuijaza safu hiyo ni Frederick McKay. Alifika Colorado Springs, Marekani, mwaka 1901, kijana aliyetoka chuo karibuni, akakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama yako. Akatafuta vitabuni, hakuna. Akauliza wazee: mmoja akasema ni kula nguruwe sana, mwingine maziwa mabaya, mwingine maji. Wenzake wengi walishazoea, wakaona ni hali ya pale tu. McKay hakunyamaza. Alikisumbua chama cha madaktari wa meno cha mji wake hadi kikalibeba jambo hilo, wakapima watoto wa shule za mji mzima. Karibu watoto tisa katika kila kumi waliozaliwa pale walikuwa na madoa. Ilikuwa hesabu nzito kiasi kwamba mwaka 1909 Black, yule wa vipimo vya amalgamu, ambaye sasa alikuwa mkubwa kuliko wote katika fani, alikuja Colorado kutazama mwenyewe. Walichunguza pamoja hadi Black alipofariki 1915. Waligundua mambo mawili: kwamba doa hutokea wakati jino linajengwa, na kwamba meno hayo, kwa mshangao wao, hayaozi upesi.

Mwaka 1923 McKay aliitwa kwenda mji wa Oakley, Idaho. Wazazi walimwambia madoa yalianza baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji moto. Akawashauri waiache. Wakaiacha, na miaka michache baadaye watoto wadogo wakaota meno meupe. Sababu akawa ameijua, bado jina lake. Jina lilipatikana 1931, pale mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya alumini ya ALCOA alipoyapima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, uliokuwa na tatizo hilo hilo, akakuta floraidi nyingi kupita alivyotarajia. Miaka 30 tangu McKay auone mdomo wa kwanza! Nikifikiri ni watu wangapi wangekata tamaa mwaka wa tano, namheshimu sana mzee huyu.

Baada ya hapo ikajulikana kwamba floraidi kidogo, kama miligramu 1 kwa lita, hulinda meno yasioze bila kuyachora. Mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza kuiongeza kwenye maji yake mwaka 1945. Wao wanaongeza, sisi wa Meru tunatafuta kuiondoa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ingawa Tanzania huko nyuma, kwa miaka mingi, iliruhusu hadi 4 kwa kuwa vyanzo vingi vya huku vinazidi hiyo 1.5.

Kwako wewe binafsi: nenda kliniki ya meno ya hospitali ya rufaa. Madoa mepesi husuguliwa na daktari kwa dawa maalumu kwa muda mfupi, mazito hufunikwa kwa kijazio cha rangi ya jino. Uliza gharama kabla, kwa kuwa kufunika meno mengi si rahisi. Usikubali mtu wa saluni akuwekee asidi.

Na kwa wadogo zako nyumbani, hapo ndipo penye kazi kubwa zaidi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kunayapunguza maji na kuiacha ikiwa nzito zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni salama kwa upande huo, basi yawekeni kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 8, kwa kunywa na kwa kupikia uji. Magadi mnayotia kwenye makande na maharage nayo yana floraidi nyingi. Chakula cha mtoto kipikwe bila magadi, hata kama kitachelewa kuiva. Kituo cha Ngurdoto, jirani kabisa na kwenu, kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Nendeni mkaulize vichujio vya nyumbani, na mifupa ya chujio ibadilishwe kwa wakati kwa sababu ikishajaa haichuji tena. Mtoto atumie dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, ateme, asimeze.

Ukienda kliniki mwambie daktari jina la chanzo cha maji mliyokunywa utotoni, mto au kisima au bomba la kijiji gani, umwombe aliandike kwenye kadi yako.